Kujenga Ujuzi na Kufanikiwa katika Biashara ya Kimataifa: Mwongozo Kamili wa Kufuata Mzigo Mmoja Tangu Kuchaguliwa hadi Kufunguliwa

Fedha nyingi zinazopotea katika biashara ya kimataifa hupotea kabla mzigo haujatoka ghalani kwa muuzaji. Hupotea pale bei inapokubaliwa bila kuulizana nani atalipa gharama za bandari, pale malipo yote yanapotumwa kwa mkupuo kwa mtu aliyefahamika wiki iliyopita, au pale ankara inapoandikwa maelezo ya bidhaa ambayo forodha ya nchi ya pili haiwezi kuyaoanisha na kilichomo ndani ya kontena. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na kutafuta wateja, bali unafuata safari ya mzigo mmoja, na katika kila hatua unamtaka msomaji ajibu maswali matatu: mzigo uko mikononi mwa nani, hatari ya kupotea au kuharibika iko juu ya nani, na fedha ziko kwa nani. Anayeweza kuyajibu kwa uhakika siku yoyote ya muamala ameshapata sehemu kubwa ya ujuzi wa kazi hii, awe muuzaji au mnunuzi.

Hatua ya kwanza: Chagua bidhaa moja na uijue kwa namba yake

Anayeanza na bidhaa tano hujifunza kidogo kuhusu kila moja na hana anayoweza kuitetea mbele ya mnunuzi au ofisa wa forodha. Chagua moja, kisha tafuta msimbo wake katika Mfumo wa Uwiano wa kuainisha bidhaa, unaojulikana zaidi kwa herufi HS. Mfumo huu husimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na una zaidi ya vifungu 5,000 vya bidhaa vyenye tarakimu sita. Tarakimu mbili za mwanzo huonyesha sura, nne huonyesha kichwa cha bidhaa, na sita huonyesha kifungu kidogo. Tarakimu hizo sita ni zilezile katika nchi zote zinazoutumia mfumo, ilhali tarakimu zinazofuata huongezwa na kila nchi kwa mahitaji yake yenyewe. Toleo linalotumika sasa ni la mwaka 2022.

Namba hii ndiyo inayoamua kiwango cha ushuru, vibali vinavyohitajika, na kama bidhaa ina haki ya kupata nafuu ya ushuru chini ya mkataba fulani wa biashara. Usiichukue kwa kubahatisha, wala usiridhike na namba aliyoiandika muuzaji kwenye ankara yake, kwa kuwa anayewajibika kwa kosa la uainishaji upande wa kuingiza ni mwagizaji. Soma maelezo ya sura na ya sehemu, kwa sababu mara nyingi huko ndiko kumeandikwa kwamba bidhaa fulani, hata kama jina lake linafanana, imetolewa katika sura hiyo na kuwekwa kwingine. Pale ambapo bado kuna shaka, omba uamuzi wa awali kutoka mamlaka ya forodha ya nchi mzigo unakokwenda. Mkataba wa Kurahisisha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kufanya kazi tarehe 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zitoe maamuzi ya namna hiyo kwa maandishi kabla mzigo haujafika. Ni njia ambayo wafanyabiashara wadogo huitumia kwa nadra mno, ingawa humaliza mabishano ambayo vinginevyo yangefanyika kontena likiwa bandarini na gharama zikipanda kila siku.

Hatua ya pili: Pima soko kwa takwimu kabla ya kuzungumza na mtu yeyote

Kituo cha Biashara cha Kimataifa, kilichoanzishwa mwaka 1964 na chenye makao yake Geneva, kina hifadhi ya takwimu iitwayo Trade Map, na Umoja wa Mataifa una hifadhi ya Comtrade. Ukiwa na msimbo wa HS unaweza kuona ni nchi zipi zinaagiza bidhaa yako, kutoka wapi, kwa kiasi gani, na kama kiasi hicho kinapanda au kinashuka mwaka hadi mwaka. Zitazame zaidi takwimu za nchi inayoagiza kuliko za nchi inayouza, kwa sababu forodha nyingi hukagua kwa makini zaidi kinachoingia, chenye kutozwa ushuru, kuliko kinachotoka.

Kuna hesabu moja fupi inayostahili kufanywa hapo hapo: gawanya thamani ya uagizaji kwa uzito wake, upate bei ya wastani kwa kilo, kisha ilinganishe na bei yako. Ikiwa bei yako ya kuuzia ni kubwa kuliko wastani wa soko zima, unapaswa kuwa na sababu inayoeleweka, kama ubora wa daraja la juu au cheti maalumu. Na kama huna, soko hilo halikufai hata kama ni kubwa kiasi gani.

Baada ya hapo chunguza masharti ya kuingia sokoni. Bidhaa za mimea huhitaji cheti cha afya ya mimea, vyakula hupimwa mabaki ya viuatilifu na sumukuvu, na vifaa vya umeme, vipodozi na vitu vya watoto vina viwango vyake. Chunguza pia kanuni za uasili wa bidhaa, kwani kupeleka mzigo kutoka nchi yenye mkataba wa nafuu ya ushuru hakutoshi. Ni lazima bidhaa yenyewe iwe imezalishwa humo au imebadilishwa kwa kiwango ambacho mkataba unakitambua, na kuwe na cheti cha uasili kinachothibitisha hivyo. Anayenunua bidhaa nchi moja, akaibandika nembo mpya katika nchi ya pili, na kuiuza katika ya tatu, hapati nafuu hiyo.

Hatua ya tatu: Mfahamu mtu unayefanya naye biashara

Hatua hii ni fupi kueleza, japo wengi huiruka. Tafuta usajili wa kampuni katika daftari la serikali la nchi yake, linganisha jina la kampuni na jina la mwenye akaunti ya benki, na uliza majina ya wateja wawili aliowahi kuwauzia au kununua kwao. Hakikisha pia kwamba hayumo katika orodha za vikwazo za Umoja wa Mataifa, Umoja wa Ulaya na Marekani. Malipo ya dola hupitia kwa kawaida benki zenye matawi au mawakala Marekani, hivyo fedha zinaweza kuzuiliwa huko hata kama muuzaji na mnunuzi wote wako mbali na nchi hiyo.

Agiza sampuli na uilipie. Muuzaji anayeombwa sampuli za bure na watu wengi huwajibu kwa haraka zaidi wale wanaozilipia, na sampuli iliyotiwa saini na pande zote mbili na kuhifadhiwa itakuwa kipimo cha mzigo mzima baadaye.

Hatua ya nne: Kubalianeni mzigo unakabidhiwa wapi

Hapa ndipo maswali yale matatu yanapopata majibu yake ya kwanza. Chama cha Kimataifa cha Biashara, ICC, kilichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1936 masharti ya Incoterms, yanayoeleza mzigo unakabidhiwa wapi na nani anabeba gharama na hatari, na toleo linalotumika leo ni Incoterms 2020, lenye masharti 11. Saba kati yake yanafaa kwa usafiri wa aina yoyote: EXW, FCA, CPT, CIP, DAP, DPU na DDP. Manne yaliyobaki, yaani FAS, FOB, CFR na CIF, yametungwa kwa ajili ya usafiri wa baharini na wa njia za maji za ndani peke yake.

Sharti la EXW, ambapo mnunuzi huufuata mzigo kwa muuzaji mwenyewe, huwavutia wanunuzi kwa sababu bei yake huonekana ndogo kuliko zote. Udogo huo una maana kwamba muuzaji hawajibiki hata kupakia mzigo kwenye gari, na kwamba mnunuzi ndiye anayepaswa kushughulikia forodha ya kusafirisha nje katika nchi asiyoishi na ambako pengine hana namba ya mlipa kodi. Kwa mnunuzi wa kigeni sharti hili halifai isipokuwa ana wakala wake wa kuaminika huko.

FOB nayo hutajwa katika karibu kila mazungumzo, hata pale isipostahili. Chini ya FOB hatari humhamia mnunuzi mzigo unapokuwa ndani ya meli. Lakini muuzaji wa mzigo wa kontena hulikabidhi kontena kwenye kituo cha makontena siku kadhaa kabla meli haijafika, na katika siku hizo yeye bado anabeba hatari ya kitu asichokiona wala kukilinda. ICC yenyewe inashauri mzigo wa kontena uuzwe kwa FCA, ambapo hatari huhama muuzaji anapoukabidhi kwa msafirishaji aliyeteuliwa na mnunuzi mahali palipotajwa. Mwenye kuuza shehena isiyofungashwa, kama nafaka au madini yanayomiminwa ndani ya meli, anaweza kuendelea na FOB bila wasiwasi.

Linaloleta ugomvi mwingi zaidi ni CIF. Muuzaji hulipa nauli ya meli na bima hadi bandari ya mwisho, na kwa hiyo mnunuzi huamini kwamba hadi hapo mzigo ni jukumu la muuzaji. Sivyo. Hatari humhamia mnunuzi mzigo unapopakiwa kwenye meli katika bandari ya kuondokea. Ukizama katikati ya safari, anayedai kwenye kampuni ya bima ni mnunuzi. Zaidi ya hapo, CIF inamdai muuzaji akate bima ya kiwango cha chini tu, cha Vifungu C vya bima ya shehena, ambacho hulipia mambo makubwa kama moto, kuzama na kugongana kwa meli, lakini hakilipii wizi wala mzigo kulowa kwa maji ya bahari yaliyopenya ndani. CIP, ambalo ni sharti linalofanana nalo kwa usafiri wa aina yoyote, tangu 2020 hudai kiwango cha juu cha Vifungu A. Mnunuzi anayenunua kwa CIF na aandike wazi kwenye mkataba kwamba anataka Vifungu A, kwa sababu tofauti ya malipo ya bima huwa ndogo ikilinganishwa na hasara inayoweza kutokea. Katika masharti yote mawili bima inapaswa kufikia angalau asilimia 110 ya bei ya mkataba.

Andika sharti kwa ukamilifu wake: herufi tatu, mahali mahususi, na maneno "Incoterms 2020". Kuacha mahali ni kuacha pengo ambalo litajazwa na upande wenye sauti kubwa. Kumbuka pia kwamba Incoterms hazisemi umiliki unahama lini wala malipo yanafanyika vipi. Hayo huandikwa kwenye mkataba.

Hatua ya tano: Hesabu gharama hadi mlangoni

Tuchukue mfano wa kubuni wa mnunuzi anayeagiza mabegi 1,000 ya ngozi kwa dola 20 kila moja, FCA. Bidhaa ni dola 20,000. Nauli ya meli na gharama za njiani ni 2,400. Bima ni 120. Jumla hiyo, 22,520, ndiyo thamani ambayo nchi nyingi hutumia kutoza ushuru, ingawa Marekani huanza na thamani isiyojumuisha nauli na bima ya kimataifa. Tukichukulia ushuru wa asilimia 10 tunapata 2,252, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15, inayotozwa juu ya jumla ya thamani na ushuru, ni 3,715.80. Ongeza 1,500 za bandari, wakala wa forodha na lori. Mzigo umefika ghalani kwa dola 29,987.80, yaani begi la dola 20 sasa ni la karibu dola 30.

Aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani anaweza kurejeshewa au kukatiwa zile 3,715.80 baadaye, lakini ni lazima awe nazo mkononi siku ya kutoa mzigo. Biashara nyingi zenye faida nzuri kwenye karatasi hukwama hapo hapo, kwa kukosa fedha taslimu za wiki chache. Fanya hesabu ya pili inayoonyesha tarehe ambayo kila senti inatoka na tarehe ambayo fedha za mauzo zinaanza kuingia.

Halafu fanya hesabu ya tatu, ukichukulia kwamba fedha ya nchi yako imeshuka kwa asilimia 5 dhidi ya dola kati ya siku ya kuagiza na siku ya kulipa. Ikiwa faida yote inatoweka, ama omba benki ikuuzie dola za siku ya malipo kwa kiwango kilichofungwa leo, ama pandisha bei ya kuuzia, ama achana na muamala huo.

Hatua ya sita: Panga malipo ili hatari igawanyike

Muuzaji anapenda kulipwa kabla ya kupakia, mnunuzi anapenda kulipa baada ya kuuza. Kati ya mapenzi hayo mawili kuna njia kadhaa. Malipo ya awali yote humwachia mnunuzi hatari nzima. Mauzo ya mkopo humwachia muuzaji. Mpango wa asilimia 30 ya kuanzia kazi na asilimia 70 dhidi ya nakala ya hati za usafirishaji umeenea sana, na unafaa endapo tu mnunuzi ameukagua mzigo kabla ya kutuma ile asilimia 70, kwa sababu baada ya hapo hana tena cha kumshikia muuzaji.

Njia ya makusanyo ya hati kupitia benki ni ya gharama nafuu: benki ya mnunuzi hukabidhi hati za mzigo pale anapolipa, au anapotia saini ya kukubali kulipa tarehe fulani. Benki hapo ni mjumbe tu, haidhamini chochote. Mnunuzi akibadili nia, muuzaji atabaki na mzigo katika bandari ya ugenini.

Dhamana ya kweli hutolewa na LC, ambayo ni ahadi ya maandishi ya benki kwamba itamlipa muuzaji endapo atawasilisha hati zilizotajwa, katika namna iliyotajwa, ndani ya muda uliotajwa. Kanuni zake, UCP 600, zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2007. Jambo la kushikilia ni kwamba benki hushughulika na hati, si na bidhaa. Mzigo mzuri wenye hati mbovu haulipwi, na mzigo mbovu wenye hati safi hulipwa. Ndiyo maana mnunuzi mwenye busara hudai cheti cha ukaguzi kutoka kampuni huru kiwe miongoni mwa hati za lazima. Muuzaji naye aisome rasimu ya LC kabla haijatolewa, akijiuliza kwa kila hati kama ana uwezo wa kuipata bila msaada wa mnunuzi. Sharti linalotaka cheti chenye saini ya mwakilishi wa mnunuzi limempa mnunuzi ufunguo wa kuzuia malipo.

Hati halisi za usafirishaji zinapaswa kuwasilishwa ndani ya siku 21 za kalenda baada ya kupakia, isipokuwa LC imesema vingine, na kamwe si baada ya LC yenyewe kuisha muda. Benki ina siku tano za kazi za kibenki kuzichunguza. Maelezo ya bidhaa kwenye ankara ya biashara lazima yalingane na yale ya LC, kwa hiyo yanakili jinsi yalivyo, bila kuyarembesha. Na ukitaka nafasi ya kupumua katika kiasi, weka neno "takriban" kabla ya kiasi, bei ya kipimo au jumla ya fedha husika, kwani UCP 600 hulitafsiri neno hilo kuwa ruhusa ya asilimia 10 juu au chini.

Utapeli wa akaunti ya benki unahitaji tahadhari ya peke yake. Mhalifu huingia kwenye baruapepe ya upande mmoja, hufuatilia mazungumzo kimya kimya, kisha siku ya malipo hutuma ujumbe unaofanana na wa muuzaji kwa kila kitu, isipokuwa namba ya akaunti. Weka kanuni ndani ya mkataba kwamba mabadiliko yoyote ya akaunti ni batili mpaka yathibitishwe kwa simu, kwa namba iliyojulikana tangu mwanzo, siyo ile iliyo kwenye ujumbe mpya.

Hatua ya saba: Andika mkataba, hata kama ni wa kurasa mbili

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliotiwa saini Vienna mwaka 1980, hutawala mauziano kati ya kampuni za nchi zilizouridhia bila hata kutajwa, isipokuwa pande zimeukataa wazi. Zaidi ya nchi 90 zimeuridhia. Uingereza na India hazimo. Kwa hiyo sheria itakayotumika inapaswa kuandikwa.

Kuhusu migogoro, kifungu cha usuluhishi kina nguvu kuliko hukumu ya mahakama ya kawaida pale mali za mdaiwa zinapokuwa nchi nyingine, kwa sababu Mkataba wa New York wa mwaka 1958, wenye nchi wanachama zaidi ya 170, unazibana mahakama za nchi hizo kutambua na kutekeleza maamuzi ya wasuluhishi. Mambo mengine ni ya wazi: maelezo ya bidhaa, daraja na kipimo chake, kiasi, sharti la Incoterms, tarehe ya mwisho ya kupakia, malipo, ukaguzi, na kiasi cha fidia kwa ucheleweshaji.

Hatua ya nane: Kagua, fungasha, pakia

Ukaguzi wa sampuli kabla ya kupakia hufanywa kwa kufuata jedwali za ISO 2859-1, ambazo huonyesha ni vipande vingapi vichukuliwe kutoka mzigo wa ukubwa fulani na kasoro ngapi zivumiliwe. Kabla mkaguzi hajafika, pande mbili ziwe zimekubaliana ipi ni kasoro kubwa na ipi ni ndogo. Bila hivyo ripoti yake itakuwa na namba nyingi zisizoamua kitu.

Paleti na masanduku ya mbao yanapaswa kukidhi ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha kuzuia wadudu waharibifu wasisafiri ndani ya mbao za kufungashia. Njia inayotumika zaidi ni kupasha mbao joto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, kisha kupiga muhuri unaotambulika. Mbao zisizo na muhuri zinaweza kusababisha mzigo mzima ufukizwe, urudishwe au uharibiwe, hata kama bidhaa iliyomo ni vyuma vitupu.

Kontena la futi 20 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 33, na la futi 40 takriban 67, lakini kwa katoni zisizolingana hutaweza kuujaza wote. Mzigo mzito, kama vigae au misumari, hufikia kikomo cha uzito kabla ya kujaza nafasi, hivyo hufaa zaidi la futi 20. Asiyejaza kontena huchangia na wengine, na hutozwa kwa mita ya ujazo au tani, kile kinachozidi. Kwa ndege, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, na ulinganishe na uzito wa mizani. Utalipia ulio mkubwa. Na tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za usalama wa maisha baharini zinakataza kontena lililojazwa kupakiwa melini bila uzito wake wote kuthibitishwa.

Bima nayo ina jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Meli inapopatwa na janga na gharama zikatumika kuiokoa pamoja na shehena, wenye mizigo wote huchangia, hata wale ambao mizigo yao haikuguswa. Ndivyo ilivyokuwa baada ya meli Ever Given kuziba Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021. Mwenye bima huiachia kampuni ya bima mchango huo. Asiye nayo hutakiwa kuweka dhamana ya fedha kabla ya kupewa mzigo wake.

Hatua ya tisa: Linda hati kuliko unavyolinda kontena

Hati ya shehena, ambayo mawakala huiita BL, ni stakabadhi ya mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa usafiri, na inapoandikwa kwa amri ya mtu fulani huwa pia ni hati ya umiliki inayoweza kuhamishwa kwa saini mgongoni. Hutolewa kwa kawaida nakala halisi tatu, na mwenye kuwasilisha moja hupewa mzigo huku nyingine zikikosa nguvu. Muuzaji ambaye hajalipwa asiiachie hata moja.

Hati ya mzigo wa ndege ni tofauti kabisa, kwa kuwa si hati ya umiliki: shirika la ndege humkabidhi mzigo mpokeaji aliyetajwa bila kudai karatasi halisi. Kwa hiyo anayeuza kwa ndege kabla ya kulipwa ameuachia mzigo na fedha kwa pamoja, isipokuwa benki ya mnunuzi imekubali kuandikwa kuwa mpokeaji.

Linganisha ankara, orodha ya ufungashaji, hati ya shehena na cheti cha uasili vikiwa juu ya meza moja: majina, uzito, idadi ya katoni, namba za kontena. Mtumie wakala wa forodha nakala zote kabla meli haijatia nanga, ili maombi ya forodha yaanze mapema. Kampuni ya meli hutoa siku chache za bure. Zikipita, hutoza kwa kila siku ambayo kontena lililojaa limekaa bandarini, na kisha tena kwa kila siku ambayo kontena tupu limechelewa kurudishwa. Siku hizo za bure zinaweza kuongezwa kwa mazungumzo, ila ni kabla ya kuweka nafasi melini.

Thamani itangazwe jinsi ilivyo. Ombi la kupunguza bei kwenye ankara ili kuokoa ushuru huwaweka pande zote mbili hatarini, na pia hupunguza kiasi ambacho bima itakilipa mzigo ukiharibika.

Hatua ya kumi: Pokea mzigo ukiwa na saa mkononi

Piga picha za lakiri kabla ya kuikata, na namba yake uilinganishe na iliyo kwenye hati ya shehena. Uharibifu unaoonekana uandikwe kwenye stakabadhi ya kupokelea mzigo papo hapo. Chini ya kanuni za Hague-Visby, zinazotumika kwa sehemu kubwa ya usafiri wa baharini, uharibifu usioonekana kwa nje hutolewa taarifa kwa msafirishaji ndani ya siku tatu, na kesi hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja. Kwa ndege, Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 hutoa siku 14 za kulalamikia mzigo ulioharibika. Kampuni ya bima iarifiwe siku hiyohiyo, na mzigo ulioharibika usitupwe kabla mkadiriaji wake hajauona.

Kuendelea kujifunza

Kituo cha Biashara cha Kimataifa kina chuo cha mtandaoni kinachotoa kozi za bure kuhusu usafirishaji nje, na FIATA, shirikisho la kimataifa la mawakala wa usafirishaji lililoanzishwa mwaka 1926, lina stashahada inayotambulika kwa anayetaka kufanya kazi ya uwakala. Kozi hizo zina manufaa, lakini kwa maoni yangu hakuna darasa linalofundisha kama jalada la muamala uliokwisha. Weka upande mmoja makadirio uliyoyafanya katika hatua ya tano, upande wa pili gharama halisi, na kila palipo na tofauti andika sababu yake na jina la tozo ambayo hukuijua. Kaa na wakala wako wa forodha, mpitie ankara yake mstari kwa mstari, na uulize kila tozo imetoka kwa nani.

Muamala wa pili uwe wa bidhaa ileile kwa njia ileile, ili makadirio yako yapimwe tena. Yakikaribiana na hali halisi, badilisha jambo moja tu katika wa tatu: ama soko, ama kiasi, ama njia ya malipo. Ukibadilisha yote kwa mara moja, na hesabu ikaharibika, hutajua ni lipi kati ya hayo lililoiharibu.